Fundi wa Sauti: Kabla ya kununua spika nyingine, hamisha waya

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu spika na amplifaya za sebuleni, na karibu nusu ya walioandika walikuwa wameshatoa fedha kununua kifaa kipya kabla ya kujua cha zamani kinaumwa nini. Hilo linaniuma. Nipo kwenye meza ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, tangu 1989, na vifaa vingi ninavyoletewa kama maiti huwa na waya uliolegea, plagi iliyoshika kutu, au vimewekwa tu mahali pabaya.

Kwa hiyo naanza na jaribio ambalo halina gharama. Spika moja ikinyamaza au ikikwaruza, zima umeme, nenda nyuma ya amplifaya, waya wa spika ya kushoto uuchomeke kulia na wa kulia uulete kushoto. Washa tena. Shida ikibaki kwenye spika ileile, mgonjwa ni spika au waya wake. Ikihamia spika ya pili, mgonjwa ni amplifaya au kile kinachoiletea muziki. Ukitaka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, rudia mchezo huo kwa nyaya zinazotoka kwenye redio, deki au simu. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Sasa tusome barua.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Mwanza, nimepanga chumba na sebule. Dukani kuna seti ya spika iliyoandikwa wati 12,000 P.M.P.O., na pembeni kuna amplifaya iliyotumika ya wati 40 kila upande. Bei zinakaribiana. Wenzangu wananicheka nikitaja hiyo ya 40. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua ya wati 40, na ukipata fedha tena itafutie spika nzuri. P.M.P.O., yaani nguvu ya kilele cha muziki, haina kipimo wanachokubaliana watengenezaji. Kila mmoja huandika anachotaka. Igeuze hiyo seti, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Ukikuta inatumia wati 60, basi hizo 60 ndizo zinazoingia, na hakuna mashine inayotoa mfululizo zaidi ya inachokula. Katika amplifaya tafuta wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo, na uone zimepimwa kwenye omu ngapi; omu ni kipimo cha ukinzani wa spika.

Lakini nataka uangalie kitu ambacho vijana wengi hawakiulizi: spika yenyewe ni nyepesi kiasi gani kusukumwa. Spika nyingi nzuri huandikwa zinatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi zikipewa wati 1, ukisimama mita 1 mbele yake. Ukizidisha wati za amplifaya mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo tu kwa sikio. Spika ya desibeli 90 ikisukumwa na wati 40 hupiga sawa na spika ya desibeli 86 inayosukumwa na wati 100. Umeona? Desibeli 4 za kwenye spika zimekupa wati 60 bure, kila siku, bila kuongeza bili ya umeme.

Ukienda dukani, nenda na muziki unaoujua vizuri, wenye sauti ya mtu mbele. Sikiliza kwanza kwa sauti ndogo. Spika ambayo haisemi maneno yakaeleweka kwa sauti ndogo, ukiipandisha itakupigia kelele tu. Na ukifika nyumbani, ukisikia sauti inaanza kupasuka, rudisha mkono. Amplifaya ndogo iliyosukumwa hadi mwisho hukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi hayo yaliyokatwa ndiyo yanayounguza twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Nimebadilisha twita nyingi zilizouawa na amplifaya ndogo kuliko zilizouawa na kubwa.

SWALI: Shikamoo Fundi. Kaka yangu alihama akaniachia spika zake kubwa za kusimama sakafuni, zina wufa (spika za besi) za inchi 8. Kwake besi ilikuwa inagonga kifuani. Kwangu hapa Dodoma besi haipo kabisa, na mwimbaji namsikia kama yuko kila mahali, sijui yuko wapi. Sebule ni mita 3.5 kwa 5, sakafu ni vigae. Wufa zimechoka?

JIBU: Marahaba binti yangu. Wufa zako ni nzima, na hayo maneno yako kwamba mwimbaji hujui yuko wapi ndiyo yaliyonipa jibu. Spika mbili zikiwa zimeunganishwa sawa, mwimbaji husimama katikati yake, hewani, kama mtu aliyekuja kukutembelea. Akitawanyika na besi ikapotea, spika moja nyaya zake zimegeuzwa: chanya imekwenda kwenye hasi. Koni ya kushoto, ule uso wa spika unaotikisika, ikisukuma hewa, ya kulia inavuta. Mawimbi marefu ya besi yanakutana yanauana, wewe unabaki na sauti nyembamba.

Fuata waya wa kila spika kuanzia amplifaya mpaka mwisho. Waya mzuri wa spika una alama upande mmoja: mstari, maandishi, au rangi tofauti ya shaba. Upande wenye alama upeleke kwenye tundu jekundu pande zote mbili, kwa spika zote mbili. Kama rangi za matundu zimefutika, chomoa nyaya kwenye amplifaya na uchukue betri moja ya tochi ya volti 1.5. Gusisha ncha za waya kwenye betri kwa sekunde moja tu, huku mtu mwingine akitazama wufa. Koni ikitoka nje, ule upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Fanya hivyo kwa ya pili. Usiache betri imeng'ang'ania, na usiguse nyaya za twita yenyewe.

Miaka mingi iliyopita mwalimu mmoja alipakia spika zake kwenye daladala kutoka Muheza, zimefungwa kwa khanga, akanieleza shida hiihii neno kwa neno. Alikuwa ameshauriwa anunue wufa mpya. Tuligeuza waya mmoja, tukapiga dansi la zamani, akakaa kwenye benchi langu mpaka kaseti ikaisha upande wa kwanza, hasemi kitu. Tangu siku ile sipokei spika yenye malalamiko ya besi kabla sijamuuliza mwenyewe kuhusu nyaya.

Ukishamaliza hilo, tuzungumze chumba chako, maana na chenyewe kina neno. Besi ina mawimbi marefu yanayogonga ukuta na kurudi. Kati ya kuta zilizoachana mita 3.5, wimbi linalojirudia ni la karibu hezi 50, mle mle gitaa la besi na ngoma kubwa zinapoishi. Wimbi hilo huvimba karibu na ukuta na kufa katikati ya chumba. Kama spika zinapiga kufuata ule upana wa mita 3.5 na kochi lako liko katikati kabisa kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma, umejiweka kwenye shimo la besi. Lisogeze nyuma nusu mita, sikiliza, sogeza tena. Spika nazo zikisogea karibu na ukuta besi huongezeka, na kwenye kona huongezeka zaidi, mpaka inakuwa mvumo usio na umbo. Anza na sentimita 30 kutoka ukutani, umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika mpaka kichwani pako, na twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa.

Halafu piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio kama wa bati unafuata, hivyo ni vigae na kuta tupu vinajibizana. Zulia nene mbele ya spika, mapazia mazito na kabati la vitabu vitasaidia sana. Mkeka peke yake ni mwembamba mno. Na hivyo vyote vinatibu sauti za juu tu. Besi dawa yake ni kusogeza kochi na spika.

SWALI: Assalaamu alaykum Fundi. Nipo Unguja. Nimenunua amplifaya iliyotumika, imetoka Japani, safi kama mpya. Nilipoichomeka ukutani taa iliwaka mara moja, nikasikia kitu kimevuma, ikazima. Jirani yangu amekuta fyuzi imekatika, anataka kufunga uzi wa shaba mahali pake ili tuone. Nimruhusu?

JIBU: Waalaykumu salaam. Nakuomba sana usimruhusu. Na kama ameshafunga, uchomoe huo uzi leo.

Umeme wa nyumba za Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Tazama nyuma ya hiyo amplifaya, utakuta imeandikwa AC 100 V. Transfoma iliyosukwa kwa volti 100 ukiipa 230, chuma chake hushiba sumaku, na kikishashiba, mkondo unaopita kwenye nyaya zake hupanda ghafla. Huo ndio mvumo uliousikia. Fyuzi imekufa ili transfoma ipone. Mara nyingi inapona. Jirani yako akiweka uzi wa shaba, hakutakuwa na kitu cha kufa badala yake, na transfoma ya amplifaya ya Kijapani huwezi kuipata dukani kama unavyopata balbu.

Niliwahi kuletewa mashine ya namna hiyo, nzito, ya miaka ya 1970, mtu wa kwanza kuishika alikuwa amefunga uzi wa shaba kama huo. Transfoma ilikuwa imeyeyuka lami yake ikamwagikia bodi nzima. Niliifungua mara tatu kwa wiki tofauti nikitafuta pa kuanzia, nikamrudishia mwenyewe ikiwa vilevile. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Ndiyo sababu naandika jibu hili kwa urefu.

Fanya hivi. Tafuta transfoma ya kushusha umeme inayotoa volti 100. Hizi za 110 ni rahisi kupata, lakini zimezidi, na umeme wa mtaani ukipanda zinazidi tena. Kifaa chako kitakuwa moto kila siku. Ukubwa wake: soma wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, zidisha mara mbili. Ikiwa imeandikwa 180, hiyo ni 360, kwa hiyo nunua transfoma ya ukubwa wa juu yake, kama 500 VA (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma). Fyuzi mpya iwe ya ampea zilezile zilizoandikwa pembeni ya kishikizo chake, na kama ya kwanza ilikuwa ya kuchelewa kukatika, yenye herufi T, weka ya namna hiyo.

Kabla ya kuiwasha moja kwa moja, mwambie fundi wa karibu apitishe umeme wa ukutani unaoingia kwenye transfoma kwenye balbu ya wati 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Iwe balbu ya zamani ya uzi, siyo ya LED. Spika zisiwe zimeunganishwa. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, ndani pana uhai. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna kitu kimeungana mle, na balbu imekuokolea kilichobaki. Ikififia, apime kwa mita volti za DC kwenye matundu ya spika: chini ya milivolti 50 ni salama. Akiona volti nzima au zaidi, spika zako zisiguse mashine hiyo mpaka itengenezwe, kwa sababu umeme huo hugeuza koili ya wufa, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, kuwa jiko.

SWALI: Fundi, salaam kutoka Morogoro. Amplifaya yangu ina matundu ya spika A na B. Kawaida natumia A. Kwenye harusi ya mdogo wangu tuliongeza spika nyingine mbili kwenye B, zote ni za omu 6. Kila tukipandisha sauti inajizima, taa nyekundu inawaka na kuzimika. Ikipumzika inarudi. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, ndugu yangu, na hongera kwa harusi. Amplifaya inajilinda. Spika mbili za omu 6 kwenye upande mmoja, A na B zikifanya kazi pamoja, kwa amplifaya nyingi huwa omu 3. Soma nyuma: mara nyingi huandikwa omu 6 hadi 16 kwa A au B, na omu 12 hadi 16 kwa A pamoja na B. Omu zikishuka, mkondo unapanda, transista zinachemka, kinga inakata. Kwa sherehe azima amplifaya ya pili kwa ajili ya zile spika za ziada.

Kama hata ukitumia A peke yake bado inazima, hapo hamisha waya kama nilivyoeleza mwanzoni, na uchunguze kila tundu la spika. Uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, ukichomoza na kugusa tundu la jirani unatosha kuizima. Na usiweke king'amuzi wala kitambaa juu ya matundu yake ya hewa. Najua vitambaa vya kufuma vinapendeza, lakini viweke mezani.

SWALI: Shikamoo Mzee, ni mimi wa Mombasa. Niliunga TV na king'amuzi kwenye amplifaya nisikie mpira vizuri. Sasa kuna mvumo mmm usiokwisha, hata mtangazaji akinyamaza. Kijana mmoja ameniambia nikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, utaisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Utaisha, na siku waya wa ndani utakapogusa gamba la chuma la nje, atakayeigusa amplifaya atapigwa na umeme ambao ulipaswa kukimbilia ardhini. Huenda akawa mtoto. Iache pini hiyo mahali pake.

Kwanza teremsha sauti mpaka sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, umezaliwa ndani ya amplifaya, mara nyingi ni zile kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekauka. Mpelekee fundi, usizifungue mwenyewe, hushika umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mvumo ukishuka pamoja na sauti, unaletwa na nyaya za nje. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikatika hapohapo, umempata mwenyewe: dishi lina njia yake ya ardhini huko juu, amplifaya ina yake ukutani, na kati ya njia hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti. Mkondo wa hezi 50 unasafiri kupitia ngozi ya waya wako wa sauti, na wewe unausikia.

Jaribu kwanza kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Isipotosha, na kama TV na amplifaya vina tundu la waya wa mwanga (optical), nunua waya huo. Unabeba mwanga tu, kwa hiyo mvumo hauna pa kupita. Kama amplifaya yako ni ya zamani na haina tundu hilo, kuna kikasha kidogo chenye transfoma mbili za sauti ndani, kinafungwa kati ya TV na amplifaya. Cha bei ndogo sana hupunguza besi, lakini kwa mpira kinatosha.

SWALI: Fundi, nakuandikia kutoka Muscat. Spika zangu nilizinunua 1994 na nimezitunza. Mwaka huu nimeondoa kitambaa cha mbele nikakuta ule ukingo laini unaozunguka koni umekatikakatika, ukiugusa unakuwa unga mweusi unaonata. Sauti inakwaruza kwenye besi. Nizitupe?

JIBU: Usizitupe, ndugu yangu. Ulioharibika ni ukingo wa sponji tu. Sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa, na sisi watu wa pwani, huku na huko kwenu, tunaonja hilo mapema. Koni, koili na sumaku huenda ni vizima. Hakikisha: weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume taratibu ndani, sawasawa. Ikienda kimya, inatengenezeka. Ukisikia inakwangua, koili imepinda au imeungua, na hapo ndipo utafute wufa nyingine inayolingana nayo kwa omu na ukubwa.

Ukingo mpya huuzwa kwa jozi, wa sponji au wa mpira. Wa mpira unadumu zaidi, lakini ni mzito, na spika iliyobuniwa kwa sponji hubadilika tabia ukiipa mpira. Mimi hurudisha sponji kama ilivyokuwa. Kabla ya kuagiza pima kipenyo cha koni pale ukingo unaposhikana nayo, kipenyo cha nje cha sponji, na upana wa ile mikunjo; inchi zilizoandikwa kwenye sanduku hazitoshi. Fanya spika zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, la sivyo zitapiga tofauti.

Futa mabaki ya zamani kwa spiriti na kijiti cha mbao, pole pole, hasa kama koni ni ya karatasi. Tumia gundi nyeupe ya kazi hiyo, inayobaki laini ikikauka, na usitumie ile inayoshika kwa sekunde, kwa sababu haikupi nafasi ya kusahihisha. Gundisha kwenye koni kwanza, iache ikauke. Ukifika kwenye kugundisha sponji kwenye fremu ya chuma, isukume koni kwa vidole vinne kila baada ya dakika chache, usikilize kama inakwangua, uisogeze mpaka inyamaze. Kisha ilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi, kama fremu inaizuia koni isiguse chini, uiache saa 24 kabla ya kuipigia chochote.